Historia ya Fundi Mwanga, Aliyemkosoa Kila Mtu Isipokuwa Mimi

Ndugu waombolezaji, naomba radhi mapema, familia ilikuwa na watu watatu wenye sauti nzuri ya kusoma historia hii, wote wanalia, mkabakiziwa mimi mchekeshaji, kwa hiyo nikiharibu vumilieni, au zomeeni, nimezoea.

Kaka yangu, mliyemwita Fundi Mwanga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa karani wa posta na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, mwaka 1975 akaingia studio ya picha karibu na stendi, akafagia, akasafisha filamu, akapanda hadi kushika kamera, na tarehe 1 Februari 1983 akafungua studio yake, chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, chenye stuli, pazia la buluu na dirisha aliloliamini kuliko taa zote.

Tarehe 14 Agosti 1985 alimwoa shemeji yetu, fundi cherehani, aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho akarudishwa mara tatu eti kivuli hakijakaa vizuri, nasi tukajua kivuli hakina kosa, wakajaliwa mabinti wawili.

Wapiga picha wa mji huu mlimpelekea kazi zenu, naye aligeuza kila picha, akaandika nyuma kwa penseli jambo moja zuri na moja la kurekebisha, macho yana uhai, ila msogeze bibi mbali na ukuta, kivuli kinamvalisha kofia, na aliyeuliza anunue kamera gani alijibiwa, "Hiyo uliyonayo haijachoka, mwanangu, wewe ndiye hujasogea dirishani."

Mimi, ambaye nje ya jukwaa napiga picha pia, nilimpelekea zangu miaka ishirini na sita, akasema, "Safi tu, mdogo wangu," nikatembea kifua mbele.

Aliugua figo Juni 2021, akafariki Jumanne tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi, hospitali ya mkoa, na kesho yake, tukitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, binti yake mkubwa akatoa kabatini bahasha ya picha zangu zote, nyuma penseli tupu, huyu umemmulika kama mwizi, huyu paji linang'aa kama sufuria, na ile ya mwisho ya mama, ambayo hatuwezi kuirudia, imeandikwa, ungefungua pazia tu.

Nilihisi nimesalitiwa, na bado nahisi, watoto wa watu walipewa ukweli, mimi niliyelala naye kitanda kimoja nikapewa pongezi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia siku zote hizi, na wapiga picha mliofunga studio zenu leo.

Nilimlalamikia shemeji, akanijibu bila kuinua macho, "Alikukosoa mara moja, shemeji, mwaka 1995, ukampeleka jukwaani," na ni kweli, nilimwigiza miezi minane, miwani puani, penseli sikioni, ukumbi ukafurika, naye akakaa safu ya mbele akapiga makofi.

Pumzika, kaka, mdomo wako niliufunga mimi mwenyewe, tena kwa kiingilio.