Bi Veturia na Jibini la Harusi Yetu

Nani mwingine katika maabara hii huimba huku akihesabu bakteria? Bi Veturia Oprean anastaafu tarehe 5 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kupima chakula cha mji wetu wa Sibiu. Sijui tutafanyaje kazi katika ukimya huo.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo, akasoma jioni, akawa mkuu wa chumba chetu. Yeye ndiye aliyetuzoesha kuuliza swali la pili: si kama nyama au maziwa yana bakteria tu, bali kama dawa bado zinawaua. Huweka vipande vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani ya bakteria. Dawa ikifanya kazi, duara safi hubaki kuzunguka karatasi, naye huongeza sauti. Bakteria wakiota hadi kwenye karatasi, huacha kuimba.

Aliacha kuimba Septemba iliyopita, alipopima jibini la harusi wiki ile ile ya harusi yangu na Ilarie wangu (nisameheni, bado nikiliandika jina hili natabasamu). Jibini hilo lilitoka kwenye zizi la mlimani la mjomba wake, Mzee Achim. Kila nyumba hupeleka kondoo wake huko, na maziwa yote huingia sufuria moja. Kumbe kila nyumba ilikuwa ikiwachoma kondoo wake sindano za dawa zilizobaki nyumbani, kidogo kidogo, kila walipokohoa.

Kwetu, ugali wa mahindi usio na jibini si wa harusi, na kulikataa jibini la mjomba ni kumfukuza mezani. Nililia sana. Bi Veturia hakupiga simu; alipanda mlima nasi. Mzee akamtania kwamba babu yake alilila jibini hilo na akazika wake zake watatu.

"Babu yako hakuwa na sindano, Mzee Achim," alijibu. "Mtoto wa hawa wawili akiugua, unataka dawa ikute bakteria wameshaizoea?"

Mzee alitugeukia mimi na Ilarie. "Basi mtakula ugali mkavu, wanangu," akasema, akaenda kulifukia jibini lote.

Harusini Mzee alisimama mwenyewe akawaeleza wageni sababu, na wenye kondoo wakacheka huku wakiinamisha vichwa. Ugali ulikuwa mkavu kweli, nasi tulicheza hadi kisigino cha kiatu changu kikavunjika! Msimu huu Mzee hapokei kondoo aliyechomwa dawa bila daktari wa mifugo.

Bi Veturia, asante kwa kutupenda kuliko ulivyoogopa kutuudhi. Pumzika vizuri, siku zako ziwe nyepesi na zenye furaha. Kabla mwezi wa Juni haujaisha, mimi na Ilarie tutabisha hodi kwako, na Mzee Achim ameonya tusithubutu kumwacha nyuma.