Lori la Kokoto na Jiko la Kahawa

— Milioni mbili na laki tatu, na sipunguzi hata mia. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda kwa joto.

— Mwezi wa tatu uliniambia rejeta imeziba, nikanunua mpya. Spana, wewe unatengeneza magari au unayakisia?

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja lililoegemea ukuta wa gereji, na mbele yake jiko la mama wa kahawa, limezungushiwa bati la duara lililojaa masizi ili upepo usichezee moto. Ng'ambo ya barabara lilisimama lori, boneti wazi, likivuta mvuke kama mgonjwa anayejifukiza. Mwenye lori waliyemwita Kokoto, kwa mzigo aliobeba miaka kumi na tisa, hakutaka hata kuligeukia. Rejeta ile aliinunua kwa kuuza cherehani ya mkewe. Mama watoto hakumlaumu hata siku moja, na ukimya huo ndio uliomnyima Kokoto raha ya kukaa nyumbani. Leo lori limechemka tena kwenye kilima kilekile, na mnunuzi wa vyuma chakavu yuko njiani.

— Ni maji ya bomba, alisema Kinyozi. Yana dawa. Dawa inachemka mapema.

— Acha hizo, alidakia Karani mstaafu. Ni kilima. Injini ikishakariri mahali pa kuchemkia, hata ulipeleke lori tupu litachemka palepale.

— Mnalisumbua tu mtu mzima wa watu, alisema mama wa kahawa akimimina. Umri ukifika, mwili unafukuta bila sababu. Mimi nalielewa kabisa.

Walicheka wote. Kokoto hakucheka.

— Nikilitengeneza, litapona?

Spana alipuliza kahawa yake.

— Tukishafungua ndiyo tutajua.

Mnunuzi alifika kwa miguu, akalizunguka lori, akachungulia injini, kisha akavuka barabara.

— Milioni moja na nusu, kama tulivyosema kwenye simu. Ila kava ya feni iko wapi? Naona matundu ya bolti tu.

Kinyozi alimtazama Spana. Spana alitazama viatu vyake. Kokoto aliinama, akalisugua lile bati lililozunguka jiko kwa kidole gumba. Chini ya masizi ikatokea rangi ya kijani. Kijani cha lori lake.

— Spana alinipa mwezi wa kwanza, alisema mama wa kahawa taratibu. Siku aliyobadilisha mkanda wa feni. Alisema ni bati tu.

— Bila kava, feni haivuti hewa kwenye rejeta, inapepea pembeni, alisema mnunuzi. Kwenye kilima, mwendo mdogo, lazima lichemke.

— Tukiirudisha leo? aliuliza Karani.

— Hedi imeshapinda. Nalichukua hivyohivyo. Nakata elfu hamsini ya kava.

Miezi minane Kokoto alikuwa amekaa hapa kila asubuhi, akinywa kahawa ya moto, akiuliza lori lake lina nini.

— Ndugu yangu, alisema Spana, lete hiyo kava, nitaifunga bure.

Kokoto aliweka kikombe chini.

— Kava mwachie mama. Mimi nataka cherehani ya mke wangu.