Vidole na Unga wa Profesa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka msusi mmoja. Wateja wake walimwita Vidole, kwa jinsi alivyosuka upesi huku akisimulia habari za mtaa mzima bila kukosea mstari. Amefariki akiwa na mimba ya miezi minane. Mtoto ameokolewa. Mama hatunaye.

Na leo sina upole, mtanisamehe.

Vidole alikuwa na presha ya mimba. Kliniki walimpa vidonge, akavimeza, presha ikatulia. Dada yake mkubwa anasema, "Alikuwa anavimeza mbele ya wateja, halafu anawatania: haya, mwanangu ameshakunywa chai."

Ndipo akaingia bwana mmoja pale saluni. Anaitwa Profesa. Profesa wa nini, muulizeni mwenyewe. Ana koti jeupe. Hata muuza nyama analo. Ana makopo ya unga wa kijani na mdomo usiojua kupumzika. Unga huohuo unatibu mgongo, unarudisha mume aliyetoroka, na sasa, kumbe, unashusha na presha ya wajawazito. "Ni majani tu, mwanangu," akamwambia. "Majani yatakudhuru nini?" Hakumuuliza anameza dawa gani. Hata muuza viatu hukuuliza saizi.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana Vidole hakuwa mjinga. Msusi hapaki dawa mbili za nywele kwa pamoja kwenye kichwa kimoja. Anaiosha kabisa ile ya kwanza, ndipo anapaka ya pili, la sivyo nywele zinakatika. Basi akaifuata kanuni ya kazi yake. Ili dawa zisigombane tumboni, akaacha vidonge vya kliniki, akaanza unga. Narudia: aliacha vidonge vya presha.

Mumewe, fundi wa friji, aliona miguu imevimba. "Nikamwambia, mama, twende kliniki. Akanijibu, Profesa amesema huo ni uchafu unatoka." Uchafu unatoka. Profesa, mtu mzima, ndevu zimejaa, anatamka upuuzi huo na wala haoni haya.

Kichwa kikaanza kumuuma. Macho yakaingia ukungu. Akaanguka palepale saluni, kitana mkononi, mteja amesukwa nusu. Kifafa cha mimba. Hospitalini walimpasua, wakamtoa mtoto wa kike, mzima. Vidole hakuzinduka tena. Nimelia, na sioni aibu kusema.

Profesa alikuja msibani. Nilikuwepo. Alikaa mbele, akala, akashiba, kisha akamvuta dada wa marehemu pembeni. Ana unga mwingine, anasema, wa kunenepesha vichanga. Yule dada alikuwa amempakata mtoto wa marehemu. "Huyu ndiye tuliyebakiwa naye," akamwambia. "Tuachie."

Kwa fundi wa friji, kwa dada, na kwa wateja wote wa saluni ile, poleni sana. Kwa Profesa sina pole.

Nawe mjamzito unayenisikia, usimeze kitu kabla ya kuwauliza wa kliniki, kiitwe majani, kiitwe vitamini. Beba kopo lenyewe, wakaone. Na dawa waliyokuandikia usiiache kimyakimya. Ikikutia wasiwasi, rudi ukaulize.

Profesa bado anazunguka na makopo yake. Akikufikia, usibishane naye. Muulize jambo moja tu: yule binti wa msusi, siku akianza kusema, atamwita nani mama?