Sebule Tupu ya Mzee Shen

Benchi letu liko kwenye kona ya kichochoro, kando ya mfereji, hapa Suzhou, mbele ya kibanda cha chai cha Sharubu. Asubuhi ile Mzee Shen, fundi cherehani mstaafu, alikuja amefura kwa hasira. Alikuwa amesimama mlangoni na kuwatimua mafundi wa binti yake, Yinqiu. Binti ni msanifu wa majengo, na alikuwa akiikarabati nyumba yao tangu mama yake afariki.

— Eti anafuata michoro ya kale ya milima na maji! alifoka Shen. Mle wachoraji huacha sehemu ya karatasi nyeupe, ndiyo iwe ukungu au mto. Basi na mimi kaniachia sebule tupu!

— Tupu tupu? aliuliza Redio, ambaye hanyamazi hata akitafuna.

— Fundi ndiye kaniambia. Na ukiingia mlangoni huoni ndani, ujia unapinda kama njia ya mlimani.

— Hapo pana namna, mzee. Unafichwa huko nyuma, wageni wasikuone.

— Wapi! akadakia Sharubu huku akimimina chai. Anataka kuiuza. Matajiri wa Shanghai siku hizi wananunua utupu.

— Au anakuja na mume mwenye piano!

— Funga domo, Redio!

Shen alipiga benchi, chai ikamwagika. Tulipogeuka, Yinqiu alikuwa amesimama pale, nywele zimejaa vumbi la plasta.

— Baba, waruhusu mafundi warudi.

— Haingii mtu! Mama yako kaishi humo, wewe unamfuta kama doa!

— Usiseme hivyo, baba...

Sote tukainamia vikombe vyetu. Bibi Fang, aliyehamia mtaani juzi tu, alikuwa akisubiri chai yake.

— Samahani, kaka, alimwambia Shen. Wewe mwenyewe umeiona hiyo sebule?

Tangu msiba Shen alikuwa akilala kwa dada yake. Hakuwa amekanyaga mle tena.

Shen akainuka, akashika njia ya nyumbani. Yinqiu akamfuata, nami nikaenda nyuma yao, nikihofia watashikana mashati njiani.

Ujia ulipinda, kisha mwanga wa dirisha kubwa ukatupokea. Kitanda cha mzee kilionekana kwa mbali, nyuma ya kiambaza cha mianzi. Meza na viti vilikuwa pembeni. Chini ya dirisha hapakuwa na kitu.

— Hapa ndipo mama alipolala alipokuwa mgonjwa, alisema Yinqiu. Niliweka kabati, nikalitoa. Nikaweka kochi, nikalitoa. Nimeshindwa, baba.

Shen akavua viatu, akaenda taratibu, akaketi sakafuni pale penye mwanga.

— Waite mafundi wako, alisema bila kugeuka. Ila hapa wasiguse.