Mwalimu Kalekye Nzau, Aliyewafundisha Watu wa Mukuyuni Gofu

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Nunguni tarehe 14 Aprili 1963, mtoto wa pili wa hayati Nzau na hayati Mbula. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nunguni, kisha akaenda sekondari Kitui, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1981.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa karani katika klabu moja ya gofu Nairobi. Wafanyakazi waliruhusiwa kucheza Jumatatu, siku ambayo wanachama hawakuwepo, na wengi walilala tu. Kalekye alishika fimbo. Kufikia 1995 alikuwa mkufunzi wa klabu hiyo, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2018.

Mumewe, Mzee Mutie wa Mukuyuni, alikutana naye huko mwaka 1986, alipopeleka machungwa. Alimkuta nyasini, kichwa kimeinama, ametulia tuli mbele ya mpira. Akasimama na gunia lake begani mpaka Kalekye alipopiga, ndipo akauliza jikoni ni wapi.

"Mbona hukuniita?" Kalekye aliuliza.

"Nilidhani unaomba."

Walifunga ndoa kanisani Mukuyuni tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa Muthoki na Ben.

Alipostaafu alirudi Mukuyuni, na Mzee Mutie akamsafishia kipande cha malisho nyuma ya michungwa. Mbuzi ndio waliokata nyasi. Kila Jumamosi saa tatu walikuja walimu, akina mama wa kanisa, na Kasiva mwenye duka, ambaye alipiga mpira kama anayepasua kuni.

"Kasiva, mpira haujakukosea," Kalekye alimwambia. "Legeza mikono. Panua miguu ilingane na mabega. Usiinue kichwa kuona ulikokwenda, wengine watakuonyesha." Kisha aliwapeleka wote karibu na shimo, wakafanye mazoezi ya mapigo mafupi kwa nusu ya muda wao. Alisema wengi hujisifu kwa mpira wa mbali, halafu hupoteza mchezo hatua chache kutoka shimoni.

Mwaka 2021 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa Parkinson. Aliendelea kufundisha hadi Jumamosi moja ya mwaka 2023, fimbo ilipomponyoka mbele ya wanafunzi. Akaketi.

"Rudini nyumbani," akasema. "Mwalimu asiyeweza kuonyesha atafundisha nini?"

Mzee Mutie alikuwa akipalilia karibu. Aliweka jembe chini, akaja, akaokota fimbo.

"Niambie mimi, Mama Muthoki. Mimi nitawaonyesha."

"Wewe hujawahi kupiga mpira maisha yako yote!"

"Basi wataona makosa yote kwa mara moja."

Kalekye alicheka hadi akafuta machozi. Tangu siku hiyo alifundisha akiwa kitini, na Mzee Mutie akawa mikono yake. Alipokosea, naye alikosea sana, Kalekye aliwauliza wanafunzi kosa liko wapi, nao wakajifunza kwa kumsahihisha.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2025 alipata nimonia, akalazwa hospitalini mjini Wote. Mzee Mutie alikaa naye mchana na usiku. Jumamosi tarehe 8 Februari asubuhi, sauti ikiwa imebaki kidogo, Kalekye alimwambia, "Baba Muthoki, watu wanakungoja. Nenda."

"Wangoje tu."

"Nenda ukawafundishe."

Akaenda, kwa kuwa hakuwahi kumnyima jambo. Alikuwa akiwaonyesha jinsi ya kusimama nyuma ya mpira na kuusoma mteremko kabla ya kupiga, simu ya Muthoki ilipoingia. Alisikiliza, akairudisha mfukoni.

"Mwalimu ametuacha," aliwaambia. Kasiva akamshika mkono, wakapanda wote pamoja hadi nyumbani.

Ameacha mume wake, Mzee Mutie, watoto wake Muthoki na Ben, wajukuu, mdogo wake Kasyoka, anayewasomea haya, na wanafunzi wake.

Mzee Mutie ameniomba niwatangazie kwamba Jumamosi ijayo hakutakuwa na mafunzo. Yataendelea tarehe 1 Machi, saa tatu, pale pale. Anasema bado hajui kupiga, na sasa hakuna wa kumwambia kosa liko wapi. Anaomba mje mumwambie.

Mungu ampumzishe dada yangu, na amlaze mahali pa utulivu.