Wendell Haugen na Usukani Uliopinda

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ingrid, kifungua mimba wake, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Wendell Haugen.

Alizaliwa Astoria, Oregon, tarehe 14 Machi 1951, akasoma hapo hapo hadi kumaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka 1974 akaajiriwa Portland kuinua na kushusha daraja la mtoni, kazi aliyoifanya miaka arobaini na miwili katika kibanda ambacho akiingia mtu na kiti kimejaa. Tarehe 4 Juni 1977 alifunga ndoa na mama yetu, Corinne, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Leif.

Kazini alikwenda kwa baiskeli ya kukunja, maana ndiyo pekee iliyoenea chini ya meza yake, lakini mwaka 2009 alivunjika kifundo cha mkono, na tangu hapo akishika usukani ulionyooka vidole vinakufa ganzi, daktari akamshauri aachane na baiskeli. Baba hakubisha, aliuliza tu kama ganzi ingekuwepo mkono ukishika kwa ubavu, na daktari alipokiri kwamba hajui, akatoka pale akanunua usukani wa baiskeli za mashindano, ule uliopinda kama pembe za kondoo.

Fundi wake, Marisol Quintero, alimwambia, “Mzee, kufunga utafunga, ila haitakunjika tena, hizo pembe zitagonga gurudumu.”

“Zitagonga wapi hasa?” akauliza baba, na Marisol akacheka, akamvutia kiti.

Ikawa kazi ya miezi saba. Siku ya majaribio ya kwanza mikono mipya ya breki ilivuta waya kidogo mno, baiskeli ikakataa kusimama, baba akaishia kichakani, na mama, huku akimchomoa miiba, akamuuliza, “Wendell, huo mkono uliobaki mzima umekukosea nini, hata utake kuuvunja nao?”

Akabadilisha breki, akarefusha waya, akaweka kibano kinachofunguka bila spana, usukani ukazunguka na kulala ubavuni mwa fremu, na tarehe 11 Aprili 2010 baiskeli ikakunjika, ikaingia chini ya meza. Septemba aliiendesha siku mbili hadi Astoria, akampigia simu mama, “Corinne, vidole vyote kumi ninavisikia!”

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, na asubuhi ya Jumatano, tarehe 1 Februari 2023, akiwa kwenye mashine ya oksijeni, alimuuliza muuguzi wake, Delphine, “Dada, hii mashine hewa inaitoa wapi, si ni hii hii ya humu chumbani?” Delphine akaketi, akamweleza hatua kwa hatua, baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kumbe!” Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho, na saa sita mchana akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula kila jioni, wenzake wa darajani, na Marisol, aliyefunga duka leo ili awe nasi. Baba, maswali tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.