Hosea Kipyego, Aliyekataa Kuwasha Mashine

Habari za mchana, wasikilizaji wapendwa. Ni Mildred Odera, nikiwa hapa mjini Eldoret. Najua huu ni msimu wa kuvuna. Wengine mnanisikiliza mkiwa shambani, redio imetundikwa kwenye ua, mikono iko kwenye mahindi na macho yako kwenye mawingu. Sitawaambia mkae chini. Endeleeni na kazi, mnisikilize hivyo hivyo. Mtu ninayetaka kuwasimulia leo hakujua kukaa chini hata yeye.

Jina lake ni Hosea Kipyego. Mzee Kipyego wa Turbo, mwenye trekta na mashine ya kupukuchua mahindi. Ametuacha. Tulimzika Ijumaa, nyumbani kwake, mvua ikinyesha na kuacha, ikinyesha na kuacha. Wengi wenu mlimjua. Mlimwita mwenye kelele. Mlimwita mzee msumbufu. Baadhi yenu mlimfukuza shambani kwenu. Leo nataka kueleza kwa nini alikuwa vile.

Mkewe, Mama Chepkorir, alinikaribisha chai siku mbili baada ya mazishi. Nilipomuuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani, alicheka kwanza, kisha akajifuta macho na kitambaa.

"Kuolewa na Kipyego ni kama kuolewa na askari wa zamu," akasema. "Tukienda harusi, wewe unatafuta kiti, yeye anatafuta sufuria ya maji moto iko wapi na watoto wako wapi. Tukienda kanisani, anaangalia kama mlango wa nyuma umefungwa na kufuli. Namwambia, baba, hata Mungu anaona, keti. Haketi."

Lakini hakuzaliwa hivyo. Sikilizeni hilo vizuri. Kipyego hakuzaliwa mwangalifu. Alipokuwa kijana alikuwa mtu wa haraka. Mashine yake ilikuwa ya kwanza kuamka na ya mwisho kulala katika eneo lote lile. Kilichombadilisha ni mkono wa rafiki yake.

Rafiki huyo ni Opondo. Alikuja kutoka pande za ziwa akitafuta kazi, Kipyego akamchukua kwenye mashine, na wakawa kama ndugu. Kwa wale ambao hawajawahi kuona mashine hii, kati ya trekta na mashine yenyewe kuna chuma kirefu kinachozunguka kwa kasi. Kinaitwa shafti. Shafti ndiyo inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, na inatakiwa ifunikwe. Ya Kipyego ilikuwa na kifuniko. Kilipopasuka kikaanza kupiga kelele. Kipyego akakitoa, akakitupa nyuma ya zizi, akasema atatafuta kingine mahindi yakiisha.

Mahindi hayakuwa yameisha asubuhi ile. Kulikuwa na baridi, Opondo alikuwa amevaa koti kubwa lenye mikono mirefu. Akainama karibu na shafti kuokota gunia.

Opondo mwenyewe aliniambia, akiwa ameketi kwenye benchi pale nyumbani kwa marehemu. "Koti ilishikwa hapa kwa mkono. Nikafikiria, wacha nivute. Madam, huwezi kuvuta. Hiyo kitu haijui wewe ni nani. Sikusikia uchungu. Nilisikia tu Kipyego akipiga nduru."

Kipyego alizima trekta. Alikuwa amechelewa. Madaktari waliokoa maisha ya Opondo, lakini mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko.

Opondo aliporudi nyumbani alimpa Kipyego ujumbe mmoja: asikanyage kwake tena. Kipyego alikwenda hata hivyo. Alisimama nje ya lango. Akafukuzwa. Akarudi wiki iliyofuata, akasimama palepale. Alilima shamba la Opondo na trekta yake bila kuombwa, akapanda, akapalilia, akaondoka bila salamu. Mama Chepkorir anasema siku hizo mumewe hakulala vizuri. Alikuwa akiamka na kwenda kuzunguka trekta, anaigusa, anarudi.

Msimu mwingine ulipokaribia, Opondo alitoka hadi langoni.

"Umeweka kifuniko?" akamuuliza.

"Nimeweka."

"Nataka kuiona."

Wakaenda pamoja. Opondo akapiga kifuniko teke. Akapiga tena. Kikashikilia. Akasema, "Sawa. Sasa wale wengine nani atawaambia?"

Opondo akasema, "Mimi ndio nitawaambia. Wewe hawatakuamini. Uko na mikono mbili."

Ndivyo ilivyoanza, wasikilizaji wapendwa. Tangu siku hiyo, mashine ya Kipyego haikuwashwa kabla Opondo hajasema. Alikuwa anasimama mbele ya watu walioitwa kazini, ameinua mkono wa shati ambao hauna kitu ndani. Toeni makoti. Kunjeni mikono ya nguo. Leso ifungwe kiunoni ncha zikiwa ndani. Vumbi litaingia kifuani, funikeni pua. Watoto wapelekwe upande ule wa nyumba. Naye Kipyego alikuwa akizunguka, akizunguka, akivuta nguo ya huyu, akiangalia viatu vya yule, na mwenye shamba amesimama pembeni akiangalia jua linavyokimbia.

Hawakupendwa kwa hilo. Mkulima aliye na mahindi nje na wingu juu hataki hotuba. Wengi waliita mashine nyingine. Mama Chepkorir hakuficha: kuna misimu nyumba yao iliyumba kwa kukosa pesa.

Sasa nije kwenye siku ambayo watu wa Turbo bado wanaizungumzia. Ilikuwa mwaka juzi, kwa Macharia. Macharia ni mkulima, mtu mzuri, na amenipa ruhusa nimtaje. Mahindi yake yalikuwa yametandazwa kwenye maturubai uwanja mzima. Wingu lilikuwa limetokea upande wa Webuye, jeusi. Upepo ulikuwa umeanza kuinua maganda.

Kati ya wafanyakazi kulikuwa na mama kijana anayeitwa Ayoo, mtoto mgongoni. Kipyego akamwambia amshushe mtoto, ampeleke kwa nyanya mmoja aliyekuwa jikoni, na leso aiache huko huko. Ayoo akampeleka mtoto. Leso akarudi nayo, ameifunga kiunoni, ncha zinapeperuka.

"Mama, hiyo leso," Kipyego akasema.

"Mzee, kuna baridi. Nitaishika."

"Utaishika na mikono gani, na uko na mahindi?"

Macharia akaingia kati. "Kipyego, washa! Huoni mvua?"

"Naiona. Siwashi."

"Kwa sababu ya leso?"

"Kwa sababu ya leso."

Macharia aliniambia kwamba hapo alishikwa na hasira mpaka sikio likaziba. Akapiga simu. Mashine nyingine ilikuwa kwa jirani, ikaja mbio. Haikuwa na kifuniko cha shafti. Macharia akamwambia Kipyego atoe trekta yake njiani, aende.

Kipyego alitoa trekta. Akaiegesha nje ya lango. Opondo akapanda, akasubiri waondoke. Lakini Kipyego akashuka tena.

"Nilimwambia, twende, umefukuzwa," Opondo anasema. "Akaniambia, nisubiri kidogo. Akarudi ndani kama mtu amesahau kofia."

Hakuwa amesahau kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ile trekta ya pili, akaangalia kishikio cha kuzimia injini kiko upande gani, akasimama kando yake. Dereva akamuuliza anataka nini. Akasema, "Nasimama tu." Macharia akapaza sauti aondoke. Hakuondoka. Watu wakacheka, kazi ikaanza, vumbi likapanda, kelele zikafunika kila kitu.

Ayoo alibeba beseni ya mahindi, akapita kati ya mashine na trekta, njia ya mkato. Upepo ukavuma.

Nilimtafuta Ayoo. Anaishi Kapsoya sasa, anafua nguo za watu, mtoto wake ameanza kukimbia. Alinisimulia akiwa amesimama, hakutaka kuketi.

"Nilisikia kitu imenivuta kiuno, kama mtu ananiita kwa nguvu. Nikaanguka magoti. Nikaona leso inazunguka, inakuja fupi, inakuja fupi, na mimi naenda nayo. Halafu kelele ikaisha. Leso ilikuwa mzee, ikachanika. Leso ilienda. Mimi nikabaki."

Kelele iliisha kwa sababu Kipyego alikuwa amevuta kile kishikio. Alikuwa hajaondoa macho kwenye leso ile tangu aliporudi ndani. Ayoo alibaki na alama kiunoni na goti lililochubuka. Yu hai, wasikilizaji wapendwa. Yu hai, na mtoto wake ana mama.

Macharia alikaa chini juu ya mahindi yake. Mvua ikaja, ikamkuta hapo. Watu wakakimbia kukunja maturubai, mengine yakalowa. Na Kipyego? Nilidhani nitaambiwa alishukuru, au aliomba, au alimkaripia mtu. Opondo anasema alitembea hadi nje ya lango, akashika gurudumu la trekta yake, akatapika.

Sitawapambia habari. Msimu uliofuata Macharia hakumwita Kipyego. Aliona aibu kumwangalia. Aliita mashine nyingine, lakini ilipofika aliinama, akatazama shafti, na kwa kuwa haikufunikwa akairudisha ilikotoka. Mwaka huu ndipo alipomwita tena. Kipyego akaugua kabla hajaenda.

Na hapa, wasikilizaji, ndipo moyo wangu unakosa utulivu kabisa.

Kipyego alikuwa na presha. Alijua ana presha. Binti yake Diana, mwalimu hapa mjini, ndiye aliyempeleka kupimwa mara ya kwanza. Akapewa vidonge, akaambiwa ameze kila siku, arudi kliniki.

"Nilikuwa nampigia simu," Diana anasema. "Baba, umemeza dawa? Ananiambia, nimemeza. Mama kwa nyuma anasema, hajameza. Nikimuuliza kwa nini, anasema, kwani naumwa wapi? Mavuno ikiisha nitaenda. Kila mwaka ni mavuno ikiisha."

Mtu aliyezima injini kwa ajili ya leso ya mgeni hakuona hatari iliyokuwa ndani ya mishipa yake mwenyewe. Haikupiga kelele. Haikuzunguka mbele ya macho. Asubuhi moja ya msimu huu, saa nne, akitia grisi mashine, mdomo wake ulipinda upande mmoja na mguu ukalegea. Opondo alimdaka kwa mkono wake mmoja na kifua, akapiga kelele, majirani wakaja na gari. Walimleta mjini hospitalini. Ilikuwa kiharusi.

Aliishi siku chache. Hakuweza kuongea. Siku ya mwisho jamaa walikuwa wamejaa kando ya kitanda, na Kipyego akaanza kuhangaika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unanyooka, unarudi, unanyooka. Diana akaleta maji. Akakataa. Mama Chepkorir akafikiri anataka maombi, wakaomba. Akazidi kuhangaika, jasho likimtoka. Kaka yake akafikiri anaaga, akaanza kulia.

Opondo alikuwa mlangoni. Alitazama kidole cha mkono ule kinaelekea wapi. Kilikuwa hakielekei kwa mtu. Kilielekea sakafuni. Walipokuwa wakimlisha, uji ulikuwa umemwagika, na watu walikuwa wanapita juu yake wakiingia na kutoka.

Opondo akavua sweta yake, akapiga magoti, akapangusa sakafu mpaka ikakauka. "Imekauka," akamwambia. "Angalia. Hakuna mtu ataanguka."

Mkono wa Kipyego ukashuka. Mkewe anasema tangu amjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona ametulia. Alifariki jioni hiyo, familia yake ikiwa naye.

Mama Chepkorir, pole sana. Diana, pole, wewe na ndugu zako. Usijilaumu; simu ulipiga. Mzee Opondo, pole kwa kumpoteza mtu ambaye hakuna jina moja linalomtosha. Sisi wa redio hii tunaomboleza pamoja nanyi, na Mungu awape nguvu mnapoendelea na mavuno bila yeye.

Nasi wengine, sitaki kumaliza kipindi hiki kwa muziki wa huzuni, kisha kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Nimekosa raha tangu nitoke Turbo. Nimekuwa nikiangalia waya za hapa studio. Nimekwenda kupima presha yangu, jambo nililoliahirisha muda mrefu.

Wewe unayenisikiliza, kuna kitu unakijua. Huhitaji nikutajie. Inawezekana ni jiko la makaa uliloingiza ndani kwa sababu ya baridi hii yetu, na dirisha limefungwa. Au ni dawa ya kunyunyizia mahindi iliyo kwenye chupa ya soda, mahali mtoto anafika. Au ni mtungi wa gesi unaonuka kidogo, na umeuzoea. Au ni kadi ya kliniki iliyo chini ya godoro. Umesema utashughulikia kesho. Umesema mavuno yakiisha.

Bado tuna dakika za kipindi hiki. Ningeweza kuzijaza na maneno. Badala yake nitanyamaza kidogo, na ukisikia redio kimya usidhani imeharibika.

Inuka. Nenda ukakitoe kitu hicho.